Kishawishi Kabla Hakijawa Dhambi

Katika mafundisho ya Kikristo, kishawishi ni mvuto wa kutenda dhambi unaomjia mtu ama kutoka nje, kwa njia ya watu, vitu na yule Mwovu mwenyewe, ama kutoka ndani, katika tamaa za moyo wake, na mvuto huo, hata uwe mkali namna gani, hauhesabiwi kuwa dhambi mpaka mtu anapouridhia. Tofauti hiyo hufundishwa katika madarasa ya kipaimara, lakini vijana wengi huisahau mapema, na kutokana na kuisahau huangukia katika moja ya makosa mawili. Wapo wanaojihukumu kwa kila wazo chafu lililopita kichwani, wakaamini kwamba wamekwisha kuanguka na kwamba hakuna tena sababu ya kupigana. Na wapo wanaoona kwamba, kwa kuwa bado hawajatenda lolote, yanayoendelea mioyoni mwao hayana uzito, mpaka siku wanapojikuta wamekwisha kutenda. Makundi yote mawili hayajaelezwa vya kutosha kile kinachotokea kati ya wazo na tendo, na hapo ndipo mahali ambapo kishawishi hutambuliwa na kukataliwa kwa urahisi kuliko mahali pengine popote.

Mkanganyiko mwingine hutokana na neno jaribu, ambalo katika Biblia ya Kiswahili hubeba maana mbili zilizo jirani. Maana ya kwanza ni kupimwa: Abrahamu alipimwa, Ayubu alipimwa, na Mkristo hupimwa kwa ugonjwa, kwa msiba na kwa ufukara, ili imani yake ikomae. Maana ya pili ni kuvutwa kuelekea uovu. Waraka wa Yakobo huzigusa zote mbili ndani ya sura yake ya kwanza, kwa kuwa huwataka waumini wayapokee kwa furaha majaribu yanayozaa saburi, kisha humkataza mtu kumsingizia Mungu pale anapovutwa kwenye dhambi, kwa sababu anayemvuta ni tamaa yake mwenyewe. Maishani mambo haya mawili hukaa nyumba moja. Binti wa kidato cha tano aliyefiwa na baba akakosa ada yuko katika jaribu la kupimwa. Siku mtu mzima mwenye fedha anapojitolea kumlipia ada hiyo kwa masharti ya faragha, jaribu lile lile limezaa kishawishi. Inafaa kusemwa waziwazi kwamba mwenye hatia ya kwanza hapo ni yule mtu mzima, na kwamba kanisa linalomhubiria binti huyo usafi wa moyo bila kumtafutia ada limetimiza nusu tu ya wajibu wake. Vilevile mwalimu anayedai ngono ili atoe alama anatenda jinai, na nchini Tanzania sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya mwaka 2007 hulitambua kosa hilo. Mwanafunzi aliyefikwa na hilo anapaswa kusaidiwa kuripoti, wala asiambiwe kwamba alipungukiwa na maombi.

Hatua za wazo

Yakobo hueleza mwendo wa kishawishi kwa lugha ya uzazi, kwamba tamaa huchukua mimba, huzaa dhambi, na dhambi nayo ikikomaa huzaa mauti. Maana yake ni kwamba dhambi ina historia kabla ya kuonekana, na historia hiyo ilichunguzwa kwa makini sana na Wakristo walioishi katika majangwa ya Misri katika karne ya 4, watu walioacha miji ili wapate kusali, wakagundua kwamba mtu akiacha soko, divai na karamu bado hubaki na mawazo yake. Mwandishi wao mkubwa katika jambo hili ni Evagrio wa Ponto, aliyezaliwa yapata mwaka 345 katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Alikuwa shemasi mwenye jina mjini Konstantinopoli, ndipo akampenda mke wa mtu wa cheo, na alipoona kwamba hawezi kubaki mjini humo bila kuanguka aliondoka, akaenda Yerusalemu, na baadaye akaingia jangwa la Misri, alikokaa hadi alipofariki mwaka 399. Kwa hiyo aliandika juu ya vishawishi akiwa mtu aliyewahi kukimbia. Baadhi ya nadharia zake juu ya asili ya roho zilikataliwa na Kanisa katika karne ya 6, lakini uchunguzi wake wa mawazo uliendelea kusomwa na watawa wa Mashariki na wa Magharibi.

Evagrio alitaja mawazo manane yanayomshambulia mwamini: ulafi, uzinzi, kupenda fedha, huzuni, hasira, akedia, sifa bure na kiburi. Mwishoni mwa karne ya 6 Papa Gregori Mkuu aliipanga upya orodha hiyo, na humo ndimo kilimotoka kile ambacho Wakatoliki hukiita vilema vikuu saba, yaani mizizi inayochipusha dhambi nyingine. Hoja kuu ya Evagrio, ambayo kila kijana angefaa kuijua, ni kwamba kuja au kutokuja kwa mawazo hayo hakuko katika uwezo wa mtu, bali kukaa kwake moyoni au kutokukaa ndiko kuliko katika uwezo wake. Mvulana ambaye picha ya aibu imemjia katikati ya ibada hajamkosea Mungu kwa kujiwa nayo. Swali ni kama ataikaribisha kiti.

Kati ya mawazo hayo, lisilofahamika sana ni akedia, neno la Kigiriki linalotaja uchovu wa roho unaomfanya mtu achoshwe na kazi, mahali na watu aliopewa. Evagrio alieleza jinsi unavyomvamia mtawa wakati wa mchana, jua likionekana kana kwamba limesimama, naye akichungulia dirishani kila mara, akikadiria saa zilizobaki kabla ya chakula, akiwaza kwamba ndugu zake hawampendi tena na kwamba mahali pengine maisha yangekuwa mepesi. Mwanafunzi anayefungua daftari saa nane mchana, akaichukua simu baada ya mistari miwili, akapitisha picha za maisha ya wengine mpaka jua linazama, na akafunga siku akiwa na kinyongo ambacho hajui kimetoka wapi, ameguswa na kitu kile kile. Mahubiri ya vijana husema mengi juu ya pombe na uzinzi na karibu hayasemi lolote juu ya akedia, ilhali mara nyingi ndiyo inayofungua mlango. Mtu aliyechoshwa na nafsi yake hutafuta chochote cha kumsahaulisha, na vinavyosahaulisha upesi vinajulikana.

Katika karne ya 7, Yohane wa Ngazi, aliyekuwa abate wa monasteri ya Mlima Sinai na mwandishi wa kitabu chenye ngazi 30 za maisha ya kiroho, alikusanya mafundisho ya waliomtangulia, akazitenganisha hatua ambazo wazo hupitia. Kwanza ni pendekezo, yaani neno au picha inayoingia akilini bila kualikwa, na hilo halina dhambi. Kisha huja mazungumzo, ambapo mtu anakaa na pendekezo hilo, analigeuzageuza, analiuliza maswali. Baada yake ni ridhaa, ambapo nia inakubali; kisha utekwa, ambapo moyo unaburutwa hata usipotaka; na mwisho ni shauku, yaani mazoea yaliyokaa muda mrefu mpaka yakawa kama tabia ya kuzaliwa.

Hatua hizo zinaonekana wazi katika kamari ya simu, iliyoenea Afrika Mashariki baada ya huduma za fedha kwa simu kuzoeleka (M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008), na ambayo vijana wengi wa kanisani hawaihesabu hata kuwa kishawishi. Ujumbe unaingia Ijumaa jioni ukitangaza bonasi kwa atakayeweka fedha kabla ya mechi za kesho: hilo ni pendekezo, na kijana hana hatia kwa kulisoma. Anafungua programu kwa nia ya kuangalia tu, anapanga mkeka, kama wanaobeti Tanzania wanavyoiita orodha ya mechi walizozibashiri, anapiga hesabu ya shilingi 1,000 itakayozaa shilingi 400,000, na anaanza kuigawa fedha ambayo hana, kiasi kwa ada ya mdogo wake, kiasi kwa viatu, na kiasi kwa sadaka ya shukrani. Hayo ni mazungumzo, na ile sadaka ya kufikirika ndiyo inayoyavika sura ya uchaji. Anabonyeza kitufe, na hiyo ni ridhaa. Mkeka unachanika kwa mechi moja, naye anaweka tena ili arudishe ya kwanza, safari hii akitoa fedha za chakula cha wiki nzima katika bumu, yaani mkopo wa kujikimu wa wanafunzi wa vyuo. Huo ni utekwa. Baada ya miezi kadhaa hahitaji ujumbe wa mtu yeyote, kwani mkono unaifungua programu wenyewe hata akiwa kwenye mazoezi ya kwaya.

Katika mlolongo huo, kuacha kulikuwa kwepesi kabla ya programu kufunguliwa, kukawa kugumu wakati wa kupanga mkeka, na kukahitaji nguvu nyingi mno baada ya mkeka wa kwanza kuchanika. Lakini ni katika saa hiyo ya mwisho ndipo vijana wengi huanza kuomba, wakiwa tayari wametekwa, kisha hushangaa kwa nini maombi yao hayakuwazuia. Mungu husikia hata saa hiyo. Hata hivyo, kijana anayeyajua yaliyotangulia anaweza kumwita mapema zaidi. Anapaswa pia kujua kwamba anapambana na vyombo vilivyoundwa kwa ustadi. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha katika karne ya 20, kwa majaribio ya panya na njiwa, kwamba mnyama anayepata malipo kwa nasibu, asijue ni lini yatakuja, huendelea kubonyeza kwa muda mrefu zaidi malipo yanapokoma kuliko aliyezoea kulipwa kila mara. Kamari hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na mitandao ya kijamii haiko mbali nayo.

Alipio na macho yaliyofumbwa

Agostino, mzaliwa wa Tagaste katika nchi ambayo leo ni Aljeria, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, aliandika kitabu cha Maungamo kati ya mwaka 397 na 400 hivi, na humo alisimulia wizi alioufanya akiwa na umri wa miaka 16. Usiku mmoja yeye na wenzake walitikisa mpeari uliokuwa karibu na shamba la mizabibu la kwao, wakachukua matunda mengi, wakayatupia nguruwe, ingawa nyumbani alikuwa na matunda mazuri kuliko hayo. Jambo lililomsumbua miaka mingi baadaye ni sababu ya kutenda uovu usio na faida, na alipochunguza sana alikiri kwamba peke yake asingethubutu. Alifurahia wizi ule kwa kuwa alikuwa pamoja na wengine, na katika kundi lile ilikuwa aibu kuwa na aibu. Kila aliyewahi kuishi bweni la shule anaijua hali hiyo.

Kisa cha pili ni cha rafiki yake Alipio, na kina mafundisho mengi zaidi. Alipio alikwenda Roma kusoma sheria, akiwa kijana aliyeyachukia maonyesho ya wapiganaji waliouana uwanjani kwa ajili ya kuburudisha watu. Siku moja alikutana njiani na wanafunzi wenzake waliokuwa wametoka kula, nao wakamkokota kwa nguvu za kirafiki, yeye akigoma na kuwaambia kwamba wanaweza kuupeleka mwili wake huko, lakini hawawezi kuyalazimisha macho yake wala moyo wake. Alipofika aliketi, akafumba macho. Kisha mpiganaji mmoja akaanguka, umati mzima ukapiga kelele, naye akishindwa na udadisi, huku akijiamini kwamba atalidharau lolote atakaloliona, akafumbua macho. Agostino anasema kwamba jeraha alilolipata Alipio rohoni lilikuwa baya kuliko lile la mtu aliyeanguka uwanjani. Hakugeuza tena uso. Alipiga kelele pamoja na wengine, akalewa na damu, na alipoondoka alikuwa na shauku ya kurudi, na baadaye akawa anawavuta wengine kuja.

Agostino hamlaumu rafiki yake kwa kukosa msimamo, kwani msimamo alikuwa nao tena wa dhati. Anamlaumu kwa kuutegemea uwezo wake mahali ambapo alipaswa kumtegemea Mungu. Lipo pia kosa la kawaida ambalo halihitaji elimu ya dini kulitambua, nalo ni kuketi. Mtu aliyekwisha kukubali kuketi penye tendo amebaki na kinga nyembamba sana, na Alipio alifumba macho akasahau masikio. Kijana anayesema kwamba atakwenda baa na wenzake lakini atakunywa soda, au msichana anayekubali kumtembelea mpenzi wake chumbani usiku kwa ahadi kwamba watasoma tu, anasema kwa moyo safi maneno yale yale ya Alipio. Na ile hatua ya mwisho, ya aliyevutwa kugeuka kuwa mvutaji, hupitwa haraka katika mahubiri, ilhali ndiyo inayoeleza jinsi tabia moja inavyoweza kuenea katika kikundi kizima cha vijana ndani ya muhula mmoja bila mtu yeyote kuwa amekusudia kuieneza.

Kishawishi chenye uso wa dini

Vijana walio wakakamavu katika ibada wana hatari yao mahususi, kwa kuwa vishawishi vyao huja vimevaa mavazi ya kanisani. Injili ya Mathayo, katika sura ya 4, inaeleza jinsi Yesu alivyofunga siku 40 jangwani, na jinsi mjaribu alivyomwendea alipokuwa na njaa. Pendekezo la kwanza lilihusu mkate, jambo lisilo baya kwa lenyewe. La pili, la kujitupa kutoka juu ya hekalu, lilifuatana na maneno ya Zaburi ya 91. Mjaribu, kwa maneno mengine, alinukuu Maandiko. Yesu alijibu mara tatu, na majibu yote matatu yanatoka katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, yaani katika sehemu inayokumbusha safari ya Israeli jangwani. Alizijua sura hizo kabla ya njaa kuanza.

Kutokana na habari hiyo, kijana anaweza kujifunza kuuliza, juu ya kila fundisho linalompendeza mno, kama linamwinamisha mbele za Mungu au linamfanya Mungu kuwa mtumishi wa haja zake. Mwanamume anayemwambia mchumba wake kwamba hakuna tatizo kwa kuwa watafunga ndoa tu na Mungu anaijua mioyo yao, anatumia jina la Mungu kufungulia mlango ambao Mungu ameufunga. Anayetoa mkopo mzima wa chuo kama mbegu kwa mhubiri aliyemwahidi gari anashawishika kwa kilema cha kupenda fedha, ingawa kwa nje anaonekana kuwa mkarimu. Na kwa waimbaji, wahubiri vijana na viongozi wa vikundi vya maombi, kuna sifa bure, ambayo Evagrio aliiona kuwa ngumu kuikwepa kwa kuwa inaota juu ya matendo mema yenyewe: mtu akifunga, anapenda ijulikane kuwa amefunga, akificha kufunga kwake, anajisifu moyoni kwa kuificha. Anayejirekodi akilia katika maombi kisha akahesabu waliompenda mtandaoni hajatenda jambo ambalo sheria ya nchi au ya kanisa inalikataza, na ndiyo maana ni vigumu kwake kujua kwamba ameshambuliwa.

Kujibu na kukimbia

Evagrio aliandika kitabu maalumu cha majibu, chenye sehemu nane, sehemu moja kwa kila wazo, na ndani yake alikusanya karibu aya 500 za Biblia, kila aya ikiwa imepangiwa wazo fulani au hali fulani ambayo mtawa angeweza kukutana nayo. Aliiga mfano wa Yesu jangwani, kwa kutambua kwamba saa ya kishawishi akili huwa nzito na haina nafasi ya kutafuta jibu. Katika miaka ya 1990, mwanasaikolojia wa Kijerumani Peter Gollwitzer alifikia jambo linalofanana na hilo kwa njia ya majaribio ya kisayansi: watu waliopanga mapema kwamba hali fulani ikitokea watafanya jambo fulani walitimiza makusudio yao zaidi ya wale waliokuwa na nia njema tu. Kijana aliyekwisha kuamua kwamba atakapoombwa kuingiza majibu katika chumba cha mtihani atasema hapana na kuinuka mahali alipo, hahitaji kufikiri tena siku ya mtihani.

Pamoja na kujibu kuna kukimbia, na kukimbia kumedharauliwa bila haki. Yusufu katika nyumba ya Potifa, kama sura ya 39 ya kitabu cha Mwanzo inavyosimulia, alikataa kwa maneno siku baada ya siku, na siku aliposhikwa nguo aliiacha mikononi mwa mwanamke yule akatoka mbio. Malipo yake ya kwanza yalikuwa gereza, jambo linalofaa kukumbukwa na wahubiri wanaowaahidi vijana kwamba anayeshinda kishawishi hufanikiwa papo hapo. Majaribio ya mtoto na kitamutamu yaliyofanywa na Walter Mischel na Ebbe Ebbesen nchini Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1970, yalionyesha kwamba watoto walisubiri kwa muda mrefu zaidi pale chakula walichokitamani kilipokuwa hakionekani mbele yao. Nguvu ya kukataa huliwa na kuona. Kwa hiyo kufuta programu ya kubeti, kuiacha simu sebuleni saa ya kulala, kubadilisha njia ya kurudia nyumbani au kuhama chumba si dalili ya imani haba, kama ambavyo wengine hudhani. Ni utiifu kwa agizo la Paulo.

Agizo hilo, lililo katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 2, hunukuliwa sana katika semina za vijana, lakini kwa kawaida hukatwa katikati. Sehemu inayonukuliwa ni ile inayomwamuru Timotheo kuzikimbia tamaa za ujanani. Sehemu inayoachwa inamwambia afuate haki, imani, upendo na amani pamoja na wale wanaomwita Bwana kwa moyo safi. Paulo hakumtuma kijana akimbie peke yake gizani. Alimpa watu wa kukimbia nao.

Historia ya Kanisa Afrika Mashariki inathibitisha umuhimu wa maneno hayo ya mwisho. Katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda, vijana watumishi waliokuwa Wakristo walikabiliwa na matakwa ya mfalme mwenye uwezo wa kuwaua, na aliyewakinga na kuwafundisha wadogo alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, na baada ya kuuawa kwake Novemba 1885, Karoli Lwanga. Kizito, aliyekuwa na umri wa miaka 14 hivi, alibatizwa na Lwanga siku chache kabla ya kupelekwa Namugongo, ambako Lwanga, Kizito na wenzao, Wakatoliki na Waanglikana, walichomwa moto tarehe 3 Juni 1886. Ni vigumu kuamini kwamba mtoto wa umri ule angesimama kama asingekuwa na kaka mkubwa wa imani pembeni yake.

Uamsho wa Afrika Mashariki ulilifanya jambo hilo kuwa desturi. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Kampala wakasali na kuyasoma Maandiko pamoja, na katika miaka iliyofuata harakati iliyoanzia kwao ilienea Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi waliyoiita kutembea nuruni, yaani kuisema dhambi na hata kishawishi mbele ya wenzao katika ushirika mdogo wa kila wiki, kwa imani kwamba jambo lililosemwa hupoteza nguvu ya siri iliyokuwa inalilisha. Desturi hiyo ilikuwa na kasoro zake, kwa kuwa maungamo ya hadharani yaliwahi kuwaumiza watu waliotajwa bila ridhaa na kuwaacha wengine uchi mbele ya umma usio na huruma. Njia bora kwa kijana wa leo ni ya watu wachache: padri katika kitubio, mchungaji au mzee wa kanisa aliyethibitika kutunza siri, mama mlezi wa vijana, au rafiki wawili wa jinsia yake wanaoruhusiwa kumuuliza maswali magumu na kujibiwa ukweli. Anayepaswa kuogopwa kuliko wote ni msiri anayeisimulia aibu ya mwenzake kwa kisingizio cha kumwombea.

Wapo watakaosoma haya wakiwa wamekwisha kuanguka, pengine mara nyingi katika jambo lile lile. Mafundisho ya hatua za wazo hayakutungwa ili kuwahukumu. Petro alimkana Bwana wake mara tatu katika usiku mmoja, akalia, na akakabidhiwa tena kundi. Na Waraka wa Kwanza wa Yohana unaahidi msamaha na utakaso kwa anayeziungama dhambi zake, bila kuweka kikomo cha idadi. Kishawishi kinachofuata kuanguka, yaani wazo kwamba sasa hakuna haja ya kurudi kanisani, ni kishawishi kama vingine, nacho hustahili kujibiwa katika hatua ya pendekezo.

Wachungaji, makatekista na walezi wa vijana wanaombwa wafanye jambo moja ambalo halihitaji bajeti: watangaze siku na saa ambayo kijana anaweza kuwakuta peke yao kila wiki, watimize ahadi hiyo hata wiki ambayo hakuna atakayekuja, na atakapokuja mmoja akiwa bado yuko katika mazungumzo na wazo lake, wamsikilize mpaka amalize kabla ya kumfundisha chochote.